Brashi ya Kulainisha

Mlima wa Kighunda ulikuwa karibu kumalizika. Wazee wa zamani wangecheka kusikia hivyo, kwa sababu kwao mlima ulikuwa kitu unachozaliwa ukakikuta na kufa ukakiacha, kisicho na siku ya kukabidhiwa. Lakini huu ulikuwa na fundi, na fundi mwenyewe, Nakijwa Mbwambo, alikuwa amekaa ndani ya kontena la ofisi juu kabisa kileleni, miguu kaiingiza kwenye soksi za sufu kwa ajili ya baridi ya Upare, akiupaka.

Ndiyo, akiupaka. Mbele yake palikuwa na meza ya kioo iliyobeba sura ya mteremko mzima, kila bonde na kila kichuguu, na mkononi alishika kalamu nene ambayo wote pale waliiita brashi. Akichagua kuinua, ardhi ya mezani huvimba pale kalamu inapopita. Akichagua kushusha, hubonyea. Duara la brashi akilipanua, huweza kunyanyua kilima kizima kwa mkono mmoja. Akilibana, huchonga kijifereji cha kupitisha maji ya kunawa. Na nje, kwenye mteremko wenyewe, ardhi ya kweli hufuata picha. Hiyo ilikuwa kazi ya mchwa, yaani mashine ndogo ndogo, kila moja kama kokwa la parachichi, malaki kwa malaki, zinazomeza udongo hapa na kuutema pale mpaka mlima wa nje ufanane na ule wa mezani, tofauti isizidi upana wa kidole.

Ufundi huu Nakijwa hakuupata milimani. Aliupata Arusha, kwenye kampuni ya michezo ya kompyuta, ambako kwa miaka mingi alichonga milima ya uongo ili vijana waendeshe juu yake magari ya uongo. Alikuwa na mkono mzuri na sifa zake zilifika mbali. Mvua zilipobadilika, zikawa zinakaa kimya mwaka mzima halafu zinashuka zote ndani ya wiki moja na kuondoka na mashamba ya watu, Mradi wa Sura ya Nchi ukaanza kuwatafuta watu wa aina yake. Wahandisi wa kuhesabu maji walikuwepo tele. Aliyekosekana ni mtu wa kushika brashi. Alipoulizwa angependa kuanza na mlima gani, akasema Kighunda, kwao. Alitaka watu wake wawe wa kwanza kufaidi.

Watu wenyewe walipisha kazi. Msimu mzima walikaa kwenye mahema huko tambarare, wakilalamikia joto na mbu, wakisubiri mlima wao. Sasa ukuta wa bwawa ulikuwa umesimama, makinga maji yamepangwa mteremko mzima, na wiki ile ile walikuwa wanarudi.

Simu ikalia. Alikuwa dada yake, Elieskia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Nakijwa akatazama pakiti iliyokuwa pembeni ya meza. "Chakula."

"Biskuti hizo," akasema Elieskia. "Mtu anahamisha milima kwa biskuti. Haya."

Elieskia ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Nakijwa akiwa hajang'oa jino la kwanza, na dada mtu, ambaye ndoa yake ilikuwa bado haijampa mtoto, akamchukua mdogo wake akamfanya mwana. Ndiyo maana alimwita mwanangu, na ndiyo maana Nakijwa, mwanamke mzima mwenye mvi zake, bado alikuwa akidanganya kuhusu chakula.

"Nina jambo," Elieskia akaendelea. "Jumamosi wanaturudisha. Mwambie yule mlinzi wenu asinisumbue getini, nataka nipite moja kwa moja chini ya migomba nikawapalilie wanangu kabla mvua haijashuka. Msimu mzima sijawagusa. Nyasi zitakuwa zimewafunika."

"Wanao?"

"Wale wawili, Nakijwa."

"Nawakumbuka, dada. Ni kwamba nilidhani wako kanisani."

"Kanisani! Mtoto hajafikisha hata arobaini, hajabatizwa, hana jina, nani amtafutie nafasi kanisani? Huyo tunamzika sisi wanawake, pale chini ya migomba. Bibi yako ana wake pale, mama Kiondo ana wake, sote. Hatuweki msalaba. Ni vituta tu, hivi, kimo cha kiganja. Si umefanya kazi pale wewe? Hukuviona?"

"Niliviona," akasema Nakijwa, na kwa bahati mbaya hilo lilikuwa kweli.

"Viko?"

"Viko, dada."

Hilo sasa halikuwa kweli. Lilimtoka upesi upesi, kama lile la chakula, na dada yake akamshukuru, akamtakia kazi njema, akakata simu.

*

Nakijwa akaita mezani ramani ya kwanza kabisa, ile iliyopigwa na droni kabla mchwa hata mmoja hajashushwa mlimani. Akasogea mpaka kwenye migomba ya kwao. Migomba ilikuwa haijaguswa mpaka leo, kwa kuwa mchwa wamefundishwa kuzunguka mizizi iliyo hai. Chini yake, kwenye kipande cha ardhi kinachotosha uwanja wa mpira wa wavu, palikuwa na vijibonge.

Katika kazi yake vijibonge vya namna ile vina jina lake: chunusi. Droni ikipiga ramani juu ya nyasi ndefu, mionzi mingine hugota kwenye nyasi badala ya ardhi, na mezani hutokea vipele ambavyo ardhini havipo. Kwenye michezo ya magari chunusi ni adui. Gari la mchezaji likigonga moja hupinduka, mchezaji hutukana, na matusi yote hupelekewa fundi. Kwa hiyo Nakijwa alikuwa na desturi ambayo hakuwahi kuivunja. Kazi ikishaisha, unachukua brashi ya kulainisha, duara pana, nguvu ndogo, unapita juu ya kila kitu mara moja ya mwisho. Brashi ile huitazama kila nukta na majirani zake, ikaishusha iliyozidi na kuipandisha iliyopungua, mpaka zote zilingane. Kijilima kisicho na kazi ni takataka, ndivyo alivyowafundisha wote waliopita mikononi mwake.

Mazoea yana taabu. Mlima wa Kighunda haukuwa na gari la mtu la kupinduka, lakini mkono ulikuwa umekwisha kuzoea.

Alilipata pigo lenyewe la brashi kwenye kumbukumbu za meza. Lilikuwa la kwake na halikuchukua hata dakika. Alilikumbuka vizuri, kwa sababu siku ile alikuwa na furaha na alikuwa akiimba. Akalizima, vituta vikatokea. Akaliwasha, vikapotea. Akalizima tena, akaliwasha tena, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Sasa alipojua anachokitazama, aliona kwamba vilikuwa vimepangwa, vyote vimeelekea upande mmoja, vimeachiana nafasi ya mtu kupiga magoti. Nyasi hazijipangi hivyo. Mtu yeyote aliyewahi kukanyaga pale angevitambua, na yeye alizaliwa jirani tu na pale. Lakini mara zote mbili Elieskia alipozika, Nakijwa alikuwa bweni akisoma, na likizo alikuja akakuta nyumba imenyamaza, naye hakuuliza. Asiyekuwepo na lake halipo.

Si kwamba Mradi haukuulizia makaburi. Maafisa walizunguka na wazee wa kila ukoo, wakaonyeshwa kila kaburi lenye msalaba na kila lenye jiwe, na yote yakahamishwa kwa heshima, kwa maombi na pilau. Lakini maafisa walikuwa wanaume, waliwauliza wanaume, na mwanamume wa Kighunda hafiki pale chini ya migomba. Mtoto mchanga huzikwa na wanawake watano sita, bila matanga, na baada ya hapo hatajwi kwa sauti, maana husemwa kwamba tumbo litasikia na kuogopa kushika tena. Hakuna aliyeficha kitu. Walioulizwa hawakujua.

Ilikuwepo pia kinga ya mwisho. Mchwa wakikuta mfupa husimama na kupiga kelele. Nakijwa mwenyewe aliwahi kuliona zoezi hilo, wakifundishwa kwa mifupa ya kuchongwa, paja, fuvu, mbavu, vyote vya watu wazima. Mtoto wa wiki tatu, miaka thelathini ndani ya udongo mbichi wa Kighunda, hakuwa na kitu cha kumsimamisha mchwa. Walimmeza pamoja na udongo wake wakaenda zao.

Wakaenda wapi? Kila mchwa hukumbuka alipomeza na alipotema. Nakijwa akaiamuru meza iupake rangi nyekundu udongo wote uliotoka pale. Alitegemea kuona rundo, mahali pamoja, mahali panapochimbika. Badala yake ukuta wote wa bwawa ukawaka, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mita mia nne za wekundu hafifu, kama bizari ndani ya mchuzi.

Akaizima meza. Akakaa pale akiwa ameishika brashi, na aliyekuwa akimwona pekee ni yeye mwenyewe kwenye kioo cheusi.

*

Injinia Senzige aliingia na chupa ya chai kwapani na tope mpaka magotini. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi zote, mtu wa maneno machache na vicheko vingi, aliyejivunia ule ukuta kuliko watoto wake. Nakijwa akamweleza kila kitu bila kuzunguka. Senzige akavua kofia, akaketi juu ya kreti.

"Pole," akasema. "Pole sana, fundi."

"Nataka tuufungue ukuta."

"Unataka tuufungue ukuta." Alilirudia taratibu, apate kulisikia vizuri. "Mvua iko mlangoni. Ukifumuliwa leo, kinachoshuka ni tope, na tope halichagui. Chini kule kuna vijiji viwili vimelala kwa kutuamini sisi. Haya, tuseme tumefumua na hakuna aliyekufa. Utamtafutaje? Utauchekecha mlima?"

Jibu la swali hilo Nakijwa alikuwa nalo tangu meza ilipowaka.

"Wewe una Rudisha," akasema Senzige. "Itumie."

Rudisha ilikuwa kitufe kidogo pembeni ya meza, chenye mshale uliojikunja. Kwenye michezo ya kompyuta ndiyo rafiki wa kwanza wa fundi: unakosea, unabonyeza, kosa linakuwa halijawahi kutokea. Kwenye mlima wa kweli kitufe kilibakia na jina lile lile, lakini kazi yake ilipungua. Mchwa hawakwenda kuutafuta udongo uleule. Walichukua uliokuwa karibu wakajenga nao umbo lililokuwepo. Sura ilirudi sawasawa, kidole kwa kidole, udongo haukurudi. Nakijwa alizoea kuwaeleza wanafunzi wake jambo hilo kwa mzaha, kwamba Rudisha ni kama mume aliyerudi nyumbani akiwa amevaa suti ya mtu mwingine, na wao walicheka.

"Nirudishe vituta vitupu," akasema.

"Virudi tu. Mama apalilie, apumue, mvua inyeshe. Kaburi ni la aliye hai, Nakijwa. Aliyemo ndani hana habari."

"Na nikimwambia ukweli?"

"Ukweli utamfaa nini? Una dawa yake? Ungekuwa na dawa yake ningesema mwambie sasa hivi. Huna. Utakuwa umempa kidonda ili wewe upate nafuu." Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akamsogezea. "Na si yeye peke yake. Hapo chini wako wa akina mama wangapi? Utaingia kila nyumba?"

Mtu mwenye moyo mbaya angekuwa rahisi kumkatalia. Senzige alisema yote yale kwa huruma, na chai yake ilikuwa ya moto, na Nakijwa alikuwa amechoka. Zaidi ya yote, alitaka kusikia hivyo hivyo. Tangu simu ilipokatwa alikuwa akimtafuta mtu wa kumwambia kwamba kunyamaza ni wema, na sasa amempata, tena mwenye cheo.

Akabonyeza.

*

Asubuhi iliyofuata akashuka kwa miguu kwenda kutazama. Mchwa walikuwa wamekwisha kuondoka. Vituta vilikuwepo, zaidi ya ishirini, kila kimoja mahali pake, kimo cha kiganja kama alivyosema dada yake. Lakini vilikuwa vyekundu, vibichi, vya jana. Mtu yeyote angeona.

Angeweza kuviacha hivyo. Pengine hata hapo bado kulikuwa na nafasi, Elieskia angevitazama, angeuliza, na ukweli ungejitokeza wenyewe bila mtu kuuita. Lakini fundi hodari akiamua kudanganya, hudanganya kwa ufundi. Nakijwa akarudi kontenani akachukua brashi ya mmomonyoko, ile inayofanya kazi ya mvua ya miaka mingi kwa mpigo mmoja, akaibana duara lake mpaka likawa dogo kuliko sahani. Akavipitia kimoja kimoja, na nje mchwa wakarudi kufuata mkono wake. Huku akalegeza bega la kituta, kule akakipa mkwaruzo wa maji. Kimoja akakiegemeza kidogo, kwa sababu vitu vya zamani huegemea. Kisha akawaomba vijana wa bustani wakakate mikeka ya nyasi kutoka ng'ambo ya pili na kuivika juu yake, na ukoka kidogo pembeni, ukoka hasa, wa kung'olewa kwa jembe.

Alivifanyia kazi mpaka mchana bila kula, na lazima isemwe kwamba ilikuwa kazi nzuri. Miaka yote ya Arusha hakuwahi kutengeneza kitu chenye uhai namna ile. Aliposogeza kiti nyuma na kutazama, kwa nukta moja alisikia ile raha ya kawaida ya mtu aliyemaliza, halafu akaona aibu, akatoka nje akasimama kwenye baridi.

Jambo moja lilimsumbua kuliko yote. Miongoni mwa vile vituta vyote, hakujua vipi viwili vilikuwa vya dada yake.

*

Jumamosi wakarudi. Walipanda kwa miguu kutoka barabarani, magodoro vichwani, kuku vikapuni, na kelele zao zikaujaza mlima uliokuwa umekaa msimu mzima bila sauti ya mtu. Walipoona bwawa wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akaukanyagakanyaga ukuta kwa kisigino kama anayejaribu godoro, akasema umeshiba. Senzige alipeana mikono na kila mtu.

Elieskia hakwenda bwawani. Alipita getini na jembe lake dogo begani, mwembamba, ameinama kidogo kuliko Nakijwa alivyomkumbuka, akashika njia ya migomba. Nyuma yake wakafuata wanawake wengine wachache, bila kuitana. Nakijwa akaenda nao kwa sababu asingeweza kutokwenda.

Walipofika, Elieskia akasimama. Akatazama pale mahali muda mrefu. Kisha dada yake akatembea bila kusita mpaka safu ya pili, akapiga magoti kati ya vituta viwili vilivyokuwa karibu karibu. Kimoja kilikuwa kile Nakijwa alichokiegemeza.

"Hamjambo," akasema Elieskia, kwa sauti ya mtu anayeingia ndani kwake. "Nilichelewa. Walitupeleka kwenye mahema." Akaanza kupalilia.

Wanawake wengine nao wakatawanyika, kila mmoja kwa wake. Mama Kiondo, ambaye alikuwa na meno matatu na mdomo usiopumzika, alikuwa ameinamia kituta chake. Yalisikika majembe tu, na ukoka ukikatika.

Ulipokwisha ukoka, Elieskia akakung'uta mikono, akamwita Nakijwa kwa kidole akae karibu naye. Akamshika mkono mbele ya wote.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Huko kwenye mahema nilikuwa silali. Nikawa najiambia, hizo mashine hazina macho, zitapita tu. Halafu nikasema, lakini aliyezishika ni Nakijwa. Huyu ni mtoto wangu, atajua." Akageuka kwa wenzake. "Si mnaona? Mlima mzima umegeuzwa, hapa hapajaguswa."

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema mama Kiondo kutoka kwenye kituta chake, na wengine wakaitikia.

Nakijwa akasema amina.

"Sasa nisikilize," Elieskia akasema, akishusha sauti iwe yao wawili. "Mimi sina mwingine, ni wewe tu utakayenizika. Wasije wakanipeleka kanisani. Mchungaji nimekwisha kumwambia, amenuna lakini amekubali. Nilaze hapa." Akapiga kiganja kwenye nafasi iliyokuwa kati ya vituta viwili. "Hapa katikati. Niliwashika siku chache mno, Nakijwa. Huyu wa kike hata maziwa hakuwahi kushiba. Nataka nilale nao."

Nakijwa akaitazama nafasi ile. Aliiona kama atakavyoiona siku hiyo, imechimbwa, watu wamesimama, na yeye mwenyewe ameshika koleo, anamteremsha dada yake katikati ya udongo mtupu aliouchonga kwa brashi. Na miongoni mwao hakungekuwa na mtu mwingine anayejua. Senzige alisema uongo huu ungeishia kwenye kupalilia. Kumbe ulikuwa ndio kwanza unaanza safari.

"Dada," akasema.

"Naam."

"Hawapo."

Elieskia akamtazama, bado anatabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri maneno mengine yafuate.

"Nilivifuta. Sikujua ni nini, nikavifuta, udongo ukachukuliwa. Hivi nimevitengeneza mimi juzi. Nyasi nilizitoa ng'ambo. Hawapo humu, dada. Hakuna yeyote humu."

Elieskia akaangalia kituta kilichoegemea. Akakigusa. Akavuta nyasi, na mkeka wote ukainuka mkononi mwake kwa urahisi, mizizi ikiwa haijashika bado. Akaurudisha taratibu, akaupapasa mpaka ukalala.

"Uliniambia viko."

"Nilikuambia."

"Ungeniuliza tu," akasema Elieskia. Hakupaza sauti, na Nakijwa angeshukuru sana kama angeipaza. "Kabla hujagusa. Simu unayo. Mimi ningekuambia yote, hata usiku kucha ningekuambia. Miaka yote hii nimekuwa nikisubiri uniulize."

Nakijwa akalia. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, mabega juu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mkono wa dada yake haukuja kumfuta.

"Wako wapi?"

Nakijwa akainua uso akaelekeza kwa kidevu, kule kwenye kelele na vigelegele.

Elieskia akasimama kwa kujiegemeza kwenye jembe. Akawaangalia wenzake waliokuwa bado wameinama, mama Kiondo akisafisha kituta chake kwa ncha ya kanga. "Hao utawaambia wewe mwenyewe," akasema. "Mmoja mmoja. Mimi sitakusaidia. Kwanza nionyeshe."

Wakashuka. Watu walikuwa wamekwisha kuondoka bwawani kwenda kufungua nyumba zao, na ukuta ulibaki mtupu, mpana wa kupita watu wawili, umevikwa majani machanga. Upande mmoja palikuwa na maji kidogo ya mwanzo. Nakijwa akatangulia mpaka pale ukuta unapoanzia, akasimama.

"Hapa?" akauliza Elieskia.

"Sijui, dada."

Elieskia akapiga hatua chache. "Hapa?"

"Sijui. Walitawanywa. Wako kote."

"Kote," akasema Elieskia. Akautazama ukuta urefu wake wote, mpaka kule mbali unakokutana na mlima. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe, akarudi nyuma mpaka nje ya ukuta, akainama akavua ndala, akazishika mkononi.

Akaanza kutembea peku, polepole, akikanyaga kwa vidole kwanza, kama mama anayepita chumbani mwa watoto waliolala. Nakijwa akaketi haraka akaanza kufungua kamba za buti zake ili amfuate.

"Wewe kaa hapo," akasema Elieskia bila kugeuka.

Nakijwa akabaki pale pale, mguu mmoja peku na buti moja mkononi, akimwangalia dada yake akienda.